Sabuni kwenye mkanda wa gari

Alkhamis, baada ya isha

Betri! Fundi wa Mpendae kaitazama gari yangu kwa mbali, kama daktari anayemuogopa mgonjwa, kasema ninunue betri mpya. Taa zinafifia nikisimama, nikikanyaga mafuta zinapata uhai. Betri gani yenye tabia hizo?

Mie nshaendesha malori watu hawa hawajazaliwa. Nkafungua boneti, nkapapasa mkanda wa alteneta. Unateleza kama pweza! Nkamwita mkwe wangu, Haji.

"Umepaka nini hapa?"

"Sabuni, baba. Ulikuwa unapiga kelele, nkaona aibu. Kesho usiku si tunakwenda harusini Kidichi?"

Kaunyamazisha kweli, alteneta haizunguki sawasawa, betri haipati chaji. Mtu mzima na ndevu zake!

Nkaufuta, nkaukaza. Taa zikawaka mpaka paka wa jirani akakimbia. Nkamwita mke wangu, Bi Zuhura, aje aone, maana keshaapa haingii kwenye gari ya kibatari.

Akatazama. "Zinawaka kweli. Lakini kesho ataendesha Haji. Wewe jana ulitaka kumgonga ng'ombe mchana kweupe."

Nlicheka sana. Ila ng'ombe yule, wallahi, sikumuona.