Inchi Mbili na Robo Kila Upande

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda chini ya gari tena. Mgongo umekufa ganzi, grisi mpaka kwenye nywele, na Jumatatu nitakaa ofisini Embu kama mtu msafi. Mwenda, mdogo wangu, alinifuata bandani na kikombe cha chai kutoka kwa Mama. Akachutama. Akauliza maswali. Mwenda! Mtu ambaye hajui boneti inafunguliwa wapi, leo anataka kujua difu, lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma, inakaa vipi.

Halafu akaja na wazo. Tuweke magurudumu mapana nyuma, rimu za inchi nane. "Sista, hizi za sasa zinakaa za mkokoteni," akasema. "Weka nene, gari ikae na heshima."

Nilimcheka. Lakini kutoka kwa Mama Githongo mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Dallas hapa Embu, nimerudi nikiwaza rimu tu.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa nimechora. Magurudumu mapana hayaingii bure. Yakitokeza nje ya madigadi, gari linatembea kama bata. Ili yakae ndani lazima ekseli ya nyuma ifupishwe, na ekseli ukishaikata hairudi. Hii ni ekseli ya Baba. Gari alilinunua kwa mwalimu Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka mingi lilibeba maharusi wa Githongo nzima.

Alinipa kwa kinywa chake, siku chache kabla ya kufa, nikimshikia kikombe cha uji. Alisema ni la Karimi, kwa sababu Karimi ndiye aliyemshikia tochi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikuomba karatasi. Nani anamwomba babake karatasi?

Naogopa kukata.

Jumatano, 12 Februari

Mwenda amepiga simu mara tatu wiki hii. Kila mara ekseli. Anasema Baba angefurahi.

Nimekubali. Niseme ukweli, nimefurahi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Nilidhani nimebaki peke yangu na hili gari.

Jumamosi, 15 Februari

Tumepima, mimi na Mwenda. Nilifunga nati kwenye uzi, nikauning'iniza kutoka ukingo wa madigadi, naye akashika ncha ya pili ya futi. Nikamweleza kwamba difu haiko katikati, imekaa kulia kidogo, kwa hiyo anayepima kwa macho anaharibu. Tukapima mara tatu. Inchi mbili na robo za kukata kila upande.

Nimeandika kwa chaki ukutani. Mwenda ameipiga picha kwa simu yake. Nikaona raha, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi uzeeni.

Alhamisi, 20 Februari

Siakago. Ruhusa ya nusu siku. Jua la kule halina adabu.

Njeru, fundi anayenikerezea vyuma hapa Embu, alinielekeza kwa mfanyabiashara mwenye pikapu iliyokufa uani. Shafti zake, vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu, ni nene kuliko za Baba, zinafaa kukatwa. Nikafukuza mbuzi waliolala chini yake, nikaingia. Mwenye duka akaita watu waje waone mama anayefungua difu. Nikawaacha watazame. Nilizitoa zote mbili bila kuvunja hata boliti moja.

Njeru atazikata na kuzichonga meno upya. Hakuna kuunga kwa kulehemu. Shafti ya kuungwa hukatika siku ya mvua, mlimani, ukiwa umebeba watu.

Jumamosi, 1 Machi

Ekseli imekatwa, lile ganda la nje ambalo lenyewe huungwa. Nilisimama pale pale karakanani kwa Njeru. Kipande kilipoanguka sakafuni kilikuwa bado na rangi aliyoipaka Baba kwa brashi ya nyumba. Nililia kidogo nikasingizia moshi. Njeru akasema, "Pole madam," akaendelea kusaga. Mtu mpole. Kazi yake imenyooka, ameipima mbele yangu kila alipoishika kwa lehemu.

Mwenda ameleta rimu na tairi zake. Ametoa wapi? "Kuna jamaa." Mimi ambaye ofisini siruhusu mtu kununua kalamu bila risiti, sikuuliza la pili.

Jumamosi, 15 Machi

Imeingia!

Nilianza saa mbili asubuhi. Jeki mbili, mawe, magogo, na Mwenda akisukuma nilipomwambia asukume. Saa tisa gari lilikuwa chini kwa magurudumu yake. Kidole gumba kinapita kati ya tairi na madigadi, kulia na kushoto sawasawa. Nililizunguka mara sijui ngapi. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi.

Mama alitoka jikoni, akatazama, akasema "Inapendeza," akarudi ndani haraka. Sukuma wiki zilikuwa motoni, nadhani.

Mvua ikaanza kabla sijatoa hewa kwenye breki. Pedali inazama mpaka chini. Ukiikanyaga mara tatu nne inashika kidogo, inakudanganya, halafu inazama tena. Nitamaliza wiki ijayo. Sikumwambia Mwenda. Ya nini, na hakuna mwingine anayeliendesha ila mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui niandike vipi.

Saa ya chakula nilipita kwa Njeru kumshukuru. Alikuwa amefurahi. Akasema mwenye gari naye amempigia kumshukuru, na kwamba Jumapili anatoka Nairobi kulichukua.

Nikamuuliza, mwenye gari nani?

Njeru akashika kitambaa, akapangusa mikono iliyokuwa safi. "Madam, mimi nilijua unajua."

Huyo mtu amekuwa akimpigia tangu Februari. Rimu ni zake. Picha ya vipimo vyangu, yenye chaki yangu, anayo. Njeru aliambiwa mimi ni dada wa muuzaji, nasaidia tu kwa ufundi.

Nasaidia tu.

Jumanne, 18 Machi

Mwenda hashiki simu. Mama anashika, anasema mtandao ni mbaya. Tangu lini?

Alhamisi, 20 Machi

Nimeomba ruhusa, nimeenda Githongo. Nilimkuta Mwenda kwenye shamba la kahawa, nikamwita nje ya mistari. Sikupiga kelele. Nilitaka aseme tu.

Amesema. Yule jamaa aliliona gari mwaka jana akalikataa. Akasema likiwekwa nyuma pana, ekseli ifupishwe vizuri, atalichukua siku hiyo hiyo. Hapa kwetu nani angeifanya kazi hiyo kwa moyo wote? Mimi. Kwa hiyo Mwenda akaniletea chai bandani.

"Baba alisema hivyo mkiwa wangapi?" akaniuliza. "Logibuku iko na jina langu. Na wewe ukiolewa kesho, gari itaenda kwa boma ya nani?"

Nina miaka arobaini na sita. Sijui anayenioa kesho ni nani, angalau angenijulisha.

Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, ilibadilishwa mwaka jana. Mama aliweka sahihi. Nilimfuata jikoni nikamwambia, Mama, ulikuwa mlangoni. Ulimsikia. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. "Sikusikia vizuri, Karimi. Usilete vita kwa boma."

Hilo limenimaliza. Mwenda ni Mwenda, tangu utotoni akikopa hata penseli usahau. Lakini Mama alisikia. Aliyeko chumbani na aliyeko mlangoni husikia sauti moja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeutumia huo msemo kwa watu wengine maisha yangu yote, kwa kicheko.

Ijumaa, 21 Machi

Ofisini nimekosea faili mbili. Nikaulizwa kama ni malaria. Nikasema ndiyo.

Kinachoniuma si gari peke yake. Ni ile Jumamosi ya kupima. Alivyoshika futi. Alivyouliza, "Hapa sista? Ama hapa?" Nilikuwa na furaha siku ile na sasa siwezi kuikumbuka bila kuona haya. Mikono yangu ndiyo imelitoa gari kwangu. Lingebaki na nyuma nyembamba ya mkokoteni, lingekuwa bandani mpaka leo.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliandika.

Jumamosi, 22 Machi

Breki.

Imenijia nikifua nguo. Jumapili yule mtu atawasha, atakanyaga mara tatu nne, itashika, ataridhika. Halafu mteremko wa kwenda mtoni. Mwenda atakuwa kando yake akimwonyesha njia, namjua, hawezi kukosa kupanda.

Nilikaa kwenye ngazi na nguo mbichi mkononi. Nikawaza: si langu. Nimeambiwa si langu. Mwenye logibuku ashughulike na breki zake. Nililiwaza hilo muda mrefu, kwa utulivu, na lilikuwa tamu. Mungu anisamehe, lilikuwa tamu sana.

Jioni nimempigia mara sita. Hashiki. Nimemwandikia ujumbe kwamba breki hazijaisha. Haujasomwa. Mama simu imezimwa.

Nitaamka mapema.

Jumapili, 23 Machi

Nilifika saa moja asubuhi. Watu wanaelekea kanisani, umande kwenye kahawa. Mwenda alitoka akasimama mbali, akidhani nimeleta vita. Nikamwambia gari halina breki. Nikamwambia apande kwenye kiti.

Kazi ya kutoa hewa haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua kinati cha kutolea hewa kwenye breki ya kila gurudumu. Wa juu akiachilia kabla ya kuambiwa, hewa inarudi na mnaanza upya.

Kanyaga. Shikilia. Achilia. Kanyaga.

Alitii kila neno. Hatukusemezana kitu kingine. Nilikuwa nimelala chali, kichwa kando ya tairi lile pana, gari zima juu ya jeki, na mguu wake juu yangu. Sikuogopa. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba sikuogopa, na hilo limeniuma kuliko maneno ya Alhamisi. Akili imeshamfukuza, mwili bado unamwamini.

Tulimaliza upande wa kushoto, tukaja wa kulia. Mafuta yakatoka bila povu. Nikaikanyaga pedali mwenyewe. Ngumu, juu, safi.

Mtu wa Nairobi alifika saa nne. Mwenye adabu, kwa bahati mbaya. Akachutama nyuma, akapitisha kidole gumba kati ya tairi na madigadi kama nilivyofanya mimi, akauliza fundi ni nani. Mwenda akatazama chini. Nikasema ni mimi. Nikamwambia azibane nati za magurudumu tena baada ya siku chache, na abadilishe mafuta ya difu.

Aliwasha. Akalishusha mteremkoni peke yake, Mwenda hakupanda. Nilisimama barabarani nikitazama. Kwenye kona ya kiwanda cha kahawa taa nyekundu za breki ziliwaka, zote mbili, gari likapunguza mwendo, likapinda.

Mama aliita kwamba chai iko tayari. Nilinawa mikono kwenye bomba la nje, nikasema nina safari.