Hodi Iliyochekwa

S.L.P. 2317,
Asafo, Kumasi.
9 Februari 2007

Mpendwa Mjomba Amponsem,

Nakuamkia kwa heshima, mimi Dufie, mtoto wa dada yako. Mgongo unaendeleaje? Mama alisema magogo ya huko Gabon yamekuumiza. Naomba Mungu uwe umepata nafuu na unakula ukashiba. Sisi hatujambo. Mwanangu Yaa Sakyiwaa ana miezi mitano, ameota jino moja, na ananing'ata nalo.

Sijakueleza kwa simu kwa sababu kila nikianza habari hii, Mama huanza kucheka pembeni mpaka nakata. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Unisamehe mwandiko, mtoto yuko mapajani.

Jambo lenyewe ni baba wa mtoto, Kwabena Asirifi. Ni mwigizaji wa filamu za hapa Kumasi. Alianzia kwenye kundi lililozunguka vijijini, wakicheza kwenye viwanja vya shule kwa taa ya karabai. Kazi yake ilikuwa kubeba viti. Siku moja mchekeshaji wao akaugua, Kwabena akasukumwa jukwaani na viatu vya kuazima, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Watu walivicheka kabla hajafungua mdomo. Tangu siku hiyo wanamwita Koo Mpaboa, yaani Kwabena wa Viatu, na kazini hajaruhusiwa tena kuvaa jozi inayofanana.

Sasa ana filamu thelathini na saba, na zote anacheza mtu yule yule: mchumba mjinga anayebisha hodi ukweni kuposa, na chupa za pombe zilizojazwa maji. Wazee wanaonja, wanatema, yeye analia, anafukuzwa. Thelathini na saba, Mjomba, na hajaoa hata katika moja! Alimwomba bosi wake amchezeshe japo mara moja kama baba mwenye nyumba. Akajibiwa, "Koo, nani atanunua diski akuone umekubaliwa?"

Wewe uliondoka kabla filamu hizi hazijaanza, na huko porini hamna televisheni. Lishike hilo, nitalirudia.

Jumamosi ya mwisho ya Januari Kwabena alikuja kwetu kunibishia hodi kikweli. Alikuja na shangazi yake kama msemaji, na chupa mbili za pombe kali kama desturi inavyotaka. Alivaa viatu vipya vinavyofanana. Mimi nilikuwa chumbani, nikisikiliza na kuchungulia dirishani, nikingoja kuitwa niulizwe kama chupa zipokelewe.

Mkuu wa ukoo wetu, Nana Kyei, alizishika akazitikisa. "Kijana, leo umetuletea ya bomba au ya kisima?"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Nana, kwa heshima yako," akasema shangazi, "tumekuja kwa jambo la kweli."

"Ee, na huyu bibi naye anajua kuigiza!" Huyo ni Mama Mdogo Dankwaa, unamjua alivyo. "Koo, umemtoa wapi?"

Kwabena hakutakiwa kusema, lakini alisimama. "Wazee wangu, nampenda Dufie. Nataka mtoto wangu akue ananiona kila asubuhi." Akalia. Machozi ya kweli, Mjomba. Nayajua, ni yale yale ya siku Yaa alipozaliwa. Wakacheka mpaka Nana akashika mbavu. Mama Mdogo akainuka na kumbandika noti ya sidi elfu kumi kwenye paji la uso, kama wanavyotuzwa wachezaji.

Sikuitwa.

Na kinachoniudhi zaidi, chupa wamezinywa! Zote mbili! Kesho yake nilimwendea Nana, akasema, "Mwambie arudi siku atakayoacha mchezo." Nikamwambia, "Lakini Nana, chupa mmemaliza." Akasema, "Zilikuwa nzuri, kweli kweli," akaanza kucheka upya.

Watu wa Kwabena wamekasirika, hawataki kurudi. Kanisani, kwa kuwa sijaolewa, bado nakaa benchi la nyuma, sipewi meza ya Bwana, na mtoto hajabatizwa. Juzi Yaa alimcheka Kwabena, kicheko tu cha mtoto aliyemwona baba yake, naye akageuza uso. Nililia jikoni.

Sasa lile nililokuambia ulishike. Wewe ni kaka wa mama yangu, neno lako Nana hawezi kuliruka. Na katika ukoo mzima wewe peke yako hujawahi kumwona Kwabena kwenye filamu. Madam Ataa, anayekuja huko kuuza vitambaa, amebeba chupa moja iliyofungwa kwenye kanga yangu ya kijani. Ifungue, uionje. Si maji. Amebeba pia picha ya Kwabena. Picha tatu za kwanza ziliharibika, mpiga picha alikuwa anacheka mkono ukamtetemeka. Hii ya nne ndiyo uso wake.

Mtazame, kisha mwandikie Nana kama huyu ni mkwe au si mkwe. Na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nakujibu wewe kama desturi inavyotaka, mara tatu: ipokelewe. Ipokelewe. Ipokelewe.

Madam Ataa ana diski moja ya filamu zake pia. Nimemwambia asikupe mpaka uwe umeshamkabidhi barua ya Nana, imefungwa. Baada ya hapo tafuteni mashine, uitazame. Utacheka, Mjomba. Cheka sana. Anajua kazi yake kuliko wote hapa Kumasi, nami najivunia.

Msalimie mkeo Odile, na binamu yangu Boadu mwambie tunamngoja Pasaka. Mama anakusalimu. Nana hajui kama nakuandikia. Mungu akunyooshe mgongo, akurudishe salama umbebe Yaa.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Dufie