Wifi Anataka Kunivika Sare ya Alhamisi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi hapa Johannesburg wazima, baridi tu ndiyo inatung'ata.

Dada, kuna jambo linanikaba. Wifi Nomsa, yule dada wa mume wangu aliyenipokea siku kaka yake alipomaliza uhamisho kwetu Morogoro akanileta huku, kwa kuniuliza, "Kwerekwere, kwenu wanaume wameisha?" (kwerekwere ndilo tusi lao kwetu sisi wageni), ameokoka. Au anasema ameokoka. Jumamosi moja kabla ya Pasaka alikuja na skonzi, akapiga magoti jikoni kwangu. "Ngixolele, makoti," nisamehe, mke wa ukoo. Nikamwambia nimesamehe. Skonzi sikuzigusa. Mume wangu akazifagia huku ananicheka: "Mama, kama hii ni sumu, niongeze chai."

Sasa anataka siku nitakapovikwa sare ya kina mama wa Alhamisi, wale wa kanisani wanaokutana kusali kila Alhamisi, yeye ndiye anifunge kola mbele ya kanisa. Kwa nini yeye? Kwa nini sasa, mama mkwe katoka kufariki na ile nyumba aliyoitaka Wifi tumeachiwa sisi? Namtazama akiimba, namtazama akilia. Hata machozi nayakagua.

Unakumbuka Ijumaa Kuu ile, Morogoro, uliponivuta twende Meza ya Bwana nami nikagoma kwa sababu jirani aliyenisingizia alikuwa mbele? Ulinong'ona, "We mtoto, umeitwa kula au kulinda mlango?" Nikacheka, ukanifinya.

Ijumaa Kuu ya juzi Wifi alikuja kupiga magoti ubavuni kwangu. Nikaanza kumwomba Bwana amchunguze, sala ikanikwama. Mimi nilipokelewaje? Damu ilimwagika kabla sijafungua mdomo, wala hakuna aliyenusa toba yangu. Bwana angengoja aniamini kwanza, hadi leo ningekuwa nje. Nililia kwa kushukuru, dada, mkate ukiwa mkononi.

Nilipofumbua macho, Wifi alikuwa ananiangalia. Nikajiuliza tena, huyu anatafuta nini?

Hata hivyo nimemkubalia, anivike. Simwamini, sikufichi, mkono wake ukinifika shingoni najua nitashtuka. Ila nitainamisha kichwa, kwa ajili ya Yule aliyeinamisha chake msalabani.

Niombee, na tafadhali nijibu upesi, kabla hiyo Alhamisi haijafika.

Ni mimi, mdogo wako.