Nyonga ya Mama

Makandana, Tukuyu
16 Juni, 1996

Mdogo wangu Ambilikile,

Nakusalimu kutoka huku nyumbani, ambako baridi ya mwaka huu imeingia mapema na ukungu haupandi mpaka saa nne. Natumaini wewe, shemeji Janeth na watoto hamjambo, na kwamba shule yenu huko Sumbawanga inakwenda vizuri. Zaidi ya wote namuulizia mama yako, mama mdogo, aliye huko kwako. Je, anakula? Kile kifua chake kimeacha kumsumbua? Barua zangu mbili hukuzijibu, wala sikulaumu. Hii naomba uisome mpaka mwisho, hata kama utaichana baadaye.

Baba yupo, ila ameacha kwenda shambani. Mama yangu hainuki tena mwenyewe. Ananyanyuliwa kitandani na kuwekwa kwenye kiti barazani, na jioni anarudishwa. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto.

Najua ulisikia habari hizi kwa mama mdogo, lakini yapo ambayo yeye mwenyewe hayajui. Acha nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka nilipopunguzwa kazi kule zahanati, nikafungua duka la dawa hapa Makandana. Miaka ile maduka yalikuwa yanafunguliwa kila kona, na ukiwa na koti jeupe na kabati la kioo watu wanakuita daktari. Ndipo baridi yabisi ilipompata mama. Ilianzia vidoleni. Asubuhi alikuwa hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande, vifundo vimevimba na vina moto. Chai ikawa inakomaa shambani kwa kukosa mchumaji. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anamfunga vifungo vya gauni, anamsuka, anamlisha ugali kwa mkono wake.

Mimi nikampa mama vidonge kutoka dukani kwangu, vile vidogo vyeupe. Siku ya tatu alibeba kikapu akaingia kwenye chai akiimba. Alinishika mikono miwili akanishukuru kwa lugha yetu, “Ndaga fijo, mwanangu.” Akanenepa, uso ukawa wa duara, na watu sokoni wakasema duka la Nelson lina dawa. Kwa miaka miwili na nusu hakukosa hata dozi moja.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, ndipo nyonga ilipoanza. Alikuwa anapita kwenye migomba ya mama mdogo akasikia kitu kimemchoma ndani ya paja, akakaa chini na kushindwa kuinuka. Na bahati mbaya wiki mbili kabla walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa migomba ile, na mama mdogo kwa hasira alimwambia mbele ya majirani, “Huku utakuja kukanyaga kwa magoti!” Maneno hayo yalikumbukwa siku ile ile.

Alhamisi moja nilimpeleka mama hospitali, akapigwa picha ya eksirei. Tuliporudi niliwaambia wote kwamba daktari hakuona kitu. Ijumaa mama akatapika mfululizo, akalegea, macho yakawa ya mtu anayekata roho. Jumamosi baba mdogo Meshaki akaita wazee wa ukoo.

Kikao kilikaa sebuleni kwa baba. Baba mdogo Meshaki aliuliza ni ugonjwa gani unaoacha mikono ipone halafu unarukia nyonga, tena kwenye shamba la mtu, na hospitali wenye mashine zao wasiuone. Mama mdogo hakulia. Alisema yale yalikuwa maneno ya hasira, kwamba Esnath, mama yangu, ni ndugu yake, na akauliza mikono ya Esnath ilipokufa nani alikuwa anamvalisha. Kisha akanigeukia mimi. “Nelson, wewe umesomea dawa. Waambie.”

Ambilikile, mwanamke yule alinibeba mgongoni mama yangu alipokuwa anakwenda kuchuma chai. Niliangalia viatu vyangu. Nikasema mimi sijui.

Wakampa mpaka Jumatatu awe ameondoka. Jumapili mama aliamka, akaomba uji, akamaliza bakuli. Wakasema mnaona, mchawi ametajwa na mgonjwa amepata nafuu. Jumatatu mama mdogo akaondoka na mfuko mmoja, na vijana wa ukoo wakabomoa nyumba yake kabla ya saa sita mchana.

Sasa nakuambia nililolificha.

Daktari aliona. Aliniita pembeni, akakunja ngumi yake akaizungusha ndani ya kiganja cha mkono wa pili. Alisema nyonga ndivyo ilivyo, kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, kimekaa kwenye kikombe cha mfupa wa kiuno, kila upande umefunikwa na gegedu laini na katikati kuna ute unaolainisha, ndiyo maana mtu anainama akilima kutwa nzima wala hasikii mfupa ukisuguana na mfupa. Mikono ya mama, alisema, iliharibiwa na baridi yabisi, ambayo ni mwili wenyewe kuushambulia utando wa ndani ya viungo. Lakini nyonga ni jambo jingine. Akanionyesha kwenye picha. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimebonyea kama yai lililokanyagwa. Kilikosa damu, kikafa. Akauliza mama ametumia vidonge gani, kwa muda gani. Nikamtajia. Akasema vidonge vile kwa dozi kubwa na muda mrefu huua mfupa, na uso ule wa duara haukuwa unene, ulikuwa uvimbe wa dawa. Akauliza ni nani aliyempa. Nikasema tulinunua dukani. Akauliza duka gani. Nikasema sikumbuki.

Tena alinionya nisivikatishe ghafla, vipunguzwe polepole, kwa kuwa mwili ulishavizoea. Lakini nilipofika nyumbani niliogopa kuviona. Nikavikusanya vyote na kuvitupa chooni. Ndiyo maana Ijumaa alianguka. Na Jumamosi, wazee walipokuwa bado wanatoka, nilikimbia dukani nikamletea vingine. Ndiyo maana Jumapili aliomba uji. Hakuna mkono wa mama yako mahali popote katika jambo hili, isipokuwa ule uliomlisha mama yangu.

Duka nimelifunga tangu Februari. Wiki iliyopita nilimweleza baba. Aliniambia nisimwambie mtu. Baba mdogo Meshaki naye nilipomweleza alisema kikao kilishakwisha, na kwamba huzuni imenivuruga akili. Migomba ya mama mdogo wamenigawia mimi, na nilipokataa walicheka.

Jana nilipiga magoti mbele ya kiti cha mama nikamwambia yote. Nilimweleza kwamba daktari alisema mfupa umekufa. Akajibu kwamba anajua, lakini daktari hakusema nani aliuua. Nikamwambia, “Mama, ni mimi.” Akanipapasa kichwani kwa vidole vyake vilivyopinda. “Hapana,” akasema, “wewe ni mtoto wangu. Yule amekuroga na wewe pia.”

Huku hakuna atakayenisadiki, mdogo wangu. Msomee mama mdogo barua hii yote, usiruke neno. Simwombi arudi, kwa maana hapa hana mlango wa kuingia, wala simwombi anisamehe. Nisalimie shemeji na watoto, ukiona inafaa kutaja jina langu. Nimekuandikia wewe kwa sababu najua wewe utaniamini.

Ni mimi kaka yako,
Nelson Ambindwile