Bado Sijaamua Rangi

Kwako kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua, na mlango wa gari la marehemu baba yako sasa naufunga kwa kamba. Lakini usiniandikie tena, "Mama, agiza gari jipya, unasubiri nini?" Nasubiri wakati mzuri.

Muuzaji mwenyewe ndiye aliyenishauri ningoje mwisho wa mwaka, maana toleo jipya likiingia, lililopo hushuka bei. Mwisho wa mwaka ukafika, akapiga simu. Nikamwambia sijaamua rangi. Ijumaa iliyofuata akapiga tena, nikamwambia viti vya kitambaa vinaniwasha. Siku hizi hunipigia kila Ijumaa. Kwanza huulizia goti, kisha kikohozi, ambacho wewe hata hujui kama ninacho, ndipo aulizie gari. Ana subira yule kijana. Mama yake kamlea.

Ulipopiga mwezi uliopita nikapokea kwa kusema, "Haya, leo umeniletea rangi gani?" ukadhani uzee umenipanda kichwani. Akili zangu ni timamu, baba. Ilikuwa Ijumaa, na sikutegemea mtu mwingine.

Nikishaagiza, atapiga mara moja tu, kuniambia nikachukue ufunguo. Baada ya hapo Ijumaa itakuwa siku kama siku nyingine.

Basi usinihimize. Jifunike vizuri huko kwenye baridi.

Ni mimi mama yako, ambaye gari la zamani bado linamtosha.