Simu ya Wakili Ambaye Hajaapa Bado

Kabla hamjasoma barua ya wiki hii, mjue kwanza anayeijibu ni nani. Nimekuwa jaji katika wilaya hii kwa miaka kumi na moja, na hakuna hukumu yangu hata moja iliyowahi kupinduliwa.

Haya, haya, punguzeni kelele, nawasikia mnavyocheka huko mgahawani kwa Arlene. Nilikuwa jaji wa pai za tufaha kwenye maonyesho ya Septemba. Na hukumu moja ilipinduliwa, maana mshindi wangu aligundulika kuwa pai yake kainunua dukani. Shule yenyewe niliiacha darasa la nane, baba alipohitaji mtu wa kukamua ng'ombe na mimi nilipohitaji kisingizio. Lakini barua ya leo ni ya mambo ya sheria, na mwenyewe kaamua kuniandikia mimi badala ya mtu aliyesoma, kwa hiyo shauri yake.

*Mzee Elwin mpendwa,*

*Nakuandikia huku nimeshika kichwa, naomba unisaidie maana sijui nimwendee nani mwingine. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nimekuwa wakili Ohio miaka ishirini na mbili, sijawahi kushtakiwa wala kukemewa, na mwaka jana mume wangu alipopata kazi ya kutengeneza jibini huku Vermont nikasema potelea mbali, twende, na tangu tufike nalala usingizi ambao sikuwahi kuupata mjini, hata huo msimu wa matope, theluji ikiyeyuka, mnaoulaani wote mimi naupenda, na juu ya hayo wakili Corliss, ambaye ndiye wakili pekee hapa mjini na umri umemwendea, ameniambia kiangazi hiki anastaafu na ofisi ananiachia mimi, mradi nipate leseni ya jimbo hili, la sivyo anafunga mlango na watu wataanza kuendesha gari saa nzima kumtafuta wakili. Sasa kwa leseni yenyewe, kwa kuwa nimefanya kazi miaka mingi bila doa, sitakiwi kufanya mtihani, nimepeleka maombi tu, Ohio wamethibitisha kwamba sina tatizo kwao, watu wamenisemea vizuri, imebaki kamati kunihoji, nikipita naapa mbele ya jaji na yamekwisha. Lakini mpaka siku hiyo ya kiapo, hapa mimi si wakili, siruhusiwi kumshauri hata paka.*

(Hapa nimekata mistari tisa ambayo anaomba radhi kwa kuandika barua ndefu.)

*Nilijitahidi, Mzee, Mungu anaona. Kila asubuhi kwa Arlene mtu ananisogelea na kahawa yake, "Wakili, hivi uzio wa jirani ukiingia kwangu," nasema bado, mwingine, "Wakili, shemeji yangu na ule wosia," nasema bado, mpaka wakanibandika jina, Mama Bado. Ndipo wiki iliyopita akaingia Bi Dot Lachance analia, kashika notisi, mwenye kiwanja alichopanga anataka aondoe nyumba yake ya kukokotwa mwisho wa mwezi ili ajenge vibanda vya watalii wa theluji, akaniambia, "Mwanangu, nyumba ile ililetwa kwa magurudumu lakini magurudumu yameshaoza, sasa niisukume kwa kifua?" na mimi sijui nini kilinipanda, nikachukua simu yake, nikampigia yule bwana, nikasema, "Mimi ni wakili wa Bi Lachance, na hii notisi yako haifiki popote mahakamani." Naye akasema, "Samahani mama, sikujua ana mtu," na palepale akaifuta. Mgahawa mzima ukapiga makofi, Bi Dot akanibusu, nikaketi nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata mahakamani, kahawa ikapoa, ndipo nikakumbuka niko jimbo gani.*

*Kamati inanihoji Jumatano ijayo, na wataniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya uwakili huku bila ruhusa. Mume wangu anasema, "Ulipiga simu tu, nani atajua?" Bi Dot anasema wakimuuliza atajibu kwamba hata simu hana. Nikisema ndiyo naweza kunyimwa leseni, na ofisi ya Corliss ikafungwa kwa sababu yangu. Nikisema hapana, ninaapa juu ya uongo, na nyumbani kwangu ni hapa. Nifanyeje?*

*Mama Bado*

Mama Bado,

Pole. Sasa pole imekwisha, tuzungumze.

Ulikuwa unajua. Wewe si mtoto wa jana wala si mimi niliyeacha darasa la nane. Ulipovuka mpaka, uwakili wako ulibaki Ohio pamoja na viatu vyako vya ofisini. Siku ile kwa Arlene ulikuwa mama mwenye simu ya mtu. Ungesema, "Mimi ni rafiki yake Dot na nina sauti kubwa," hakuna ambaye angekugusa, na pengine yule bwana angeogopa vilevile. Lakini ukasema neno moja ambalo hapa bado si lako.

Na nikuulize kitu ambacho barua yako yote haikukiuliza. Je, kama sheria ya huku si sawa na ya Ohio? Kama notisi ile ilikuwa halali? Dot angekaa kwake anakaanga donati kwa kuliamini neno lako, kisha siku moja anaamka trekta iko kwenye varanda. Umelia kwa ajili ya leseni, umelia kwa ajili ya ofisi, na hapo hukulia kabisa. Hapo ndipo nilipokukasirikia, ingawa siku ile nami nilikuwapo, na nilikaribia kusimama nipige makofi na wengine. Sawa, nilisimama. Nilipiga.

Sasa huyo mumeo. Mwambie abaki kwenye jibini, huko anajua kazi. "Nani atajua?" Binti yangu, waliopiga makofi siku ile ni pamoja na karani wa mahakama, yule anayekula mayai bila mkate. Na Dot! Nimesoma darasa moja na Dot. Dot hajawahi kutunza siri tangu ang'oe meno ya utoto. Hadithi yako ameshanisimulia mara tatu, na hiyo ya tatu umempiga mwenye kiwanja kofi. Sasa mtu huyo ndiye atakayesema hana simu? Atasema hana simu, kisha itamlilia mfukoni.

Lakini tuseme hakuna atakayejua. Tuseme Dot kapatwa na ububu. Watu hawa wa kamati wamekusamehe mtihani kwa sababu gani? Si kwa uzuri wa uso. Wameangalia miaka yako ishirini na mbili wakasema, huyu neno lake tunaweza kulishika. Hawatakuuliza vifungu vya sheria. Wanataka kuona tu kama ukiulizwa unasema lililotokea. Ukiwadanganya hapo, ni bora ungefanya ule mtihani, maana ule hata ukifeli unarudia.

Basi fanya hivi. Leo hii nenda kwa Corliss, nenda kabla hajala, akishakula analala na akiamshwa ni mkali. Mwambie yote, hata lile neno ulilosema kwenye simu, kama ulivyolisema. Atafoka. Mwache afoke, amekuwa wakili wa mji huu peke yake na hapati watu wa kuwafokea wanaoelewa. Kisha umwombe aichukue kesi ya Dot yeye mwenyewe, aisome notisi kwa sheria ya hapa, ampigie yule bwana amwambie kwamba mama wa juzi hakuwa na ruhusa ya kusema aliyoyasema, na sasa anayesema ni mwenye ruhusa. Dot asilale usiku mwingine juu ya sheria ya Ohio.

Jumatano usingoje waulize. Wakishakukaribisha tu, sema. Kwa ufupi. Usilie, usiwaelezee magurudumu yaliyooza, na usitumie neno "lakini". Waambie ulichofanya, waambie Corliss amekirekebisha, ufunge mdomo. Na Dot umwambie akiulizwa aseme kweli, ile hadithi isiyo na kofi.

Watakukemea. Pengine watakuchelewesha. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakukatalia, mimi ni jaji wa pai. Ila mtu aliyejitaja mwenyewe na mtu aliyekamatwa hawakaribishwi kwa sura moja popote nilipowahi kusimamishwa mbele ya meza, na nimesimamishwa mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Na hata wakikuchelewesha, Corliss hafi kesho. Ana ubishi wa kumtosha hadi theluji ya pili.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Jibu hili nimelipitisha chini ya mlango wako Jumatatu, kwa hiyo kama Corliss anayasoma haya hapa kwa mara ya kwanza, usinilaumu mimi.

Ndiyo, najua mlango ni upi. Aprili, gari lako lilipozama kwenye matope hadi milangoni na wewe umesimama juu ya boneti unaimba, nani alikuja na trekta? Ukaniambia, "Mzee, fadhila hii nitairudisha, sema lolote." Sasa nasema. Mbuzi wa jirani yangu Leland wamehamia ndani ya lori langu bovu. Nikiwafukuza Leland ananiambia, "Waache, Elwin, wameshapazoea." Nataka kuwapa notisi ya kuhama, ya kisheria kabisa, yenye muhuri.

Usinijibu! Hata tukikutana kwa Arlene, niambie bado. Nitangoja mpaka uape. Ila wakikupa nafasi ya kuchagua siku ya kiapo, chagua ya karibu, maana mmoja wa mbuzi hao ana mimba.