Swali Nililomuuliza Rose Wodini

Jumanne.

Chakula kimenishinda. Lile swali bado linanichoma.

Rose alivuja damu nyingi baada ya kumzaa mtoto wetu wa tatu. Sisi wawili sote ni wa kundi la damu O, kwa hivyo nilijitolea kumpa yangu, kifua mbele, wakwe wakinitazama. Mtu wa maabara akaipima pamoja na ya Rose, akarudi akisema haifai, itaharibiwa ndani ya mwili wake.

Nikawaza, kama damu zetu hazipatani, hawa watoto tuliwapataje? Nikamwinamia Rose pale kitandani. “Mama Shiundu, hawa watoto ni wangu kweli?”

Mama yake alisikia. Rose akageukia ukuta.

Daktari ndiye aliyenieleza. Rose alipobeba mimba na kuzaa, damu ya watoto ilipenya kwake, nayo ina alama walizorithi kutoka kwangu. Mwili wake ukaunda kingamwili za kuzipiga.

“Watoto wako ndio wamemfanya aikatae damu yako,” akasema.

Walimpata mtu mwingine, damu yake ikakubali. Jioni nikaomba msamaha.

“Baba Shiundu, mshike mtoto,” Rose akasema. “Huu mkono wa sindano unauma.”

Nikamshika. Lakini kunitazama, hajanitazama.